Gurudumu la Warumi na Langu la Ukutani

Jumamosi, nshasali alasiri. Joto la Ruwi leo limekaa kama mgeni aliyekwishakula na bado haagi. Kioo cha dirisha kimejaa jasho. Watu wa duka la mabegi huko chini siwaoni, nawasikia tu wakibishana na mteja.

Moyo wangu hauko sawa. Tangu Jumatano nimeshuku watu wote wa nyumba hii, mmoja mmoja, na leo wamekwisha. Nimebaki mwenyewe.

Kwa mliofika leo kwenye ukurasa huu: mie ndiye Babu Nassor. Kusoma sijui, kuandika sijui. Chuoni kwa maalim nilikaa mpaka nikajua kukimbia fimbo, basi. Hapa nasema, simu inaandika, na mjukuu wangu Thuraya anapita baadaye anaweka nukta. Leo nimemwambia nukta aweke, lakini neno asitoe hata moja, hata lile linalomgusa yeye.

Na nyie wenyeji mnalijua gurudumu langu. Lile la mbao, lililotundikwa sebuleni juu ya matakia, ukilisimamisha linanifika kifuani, na mie si mfupi, waulizeni mafundi wa milango. Nimekuhadithieni hapa mara ngapi sijui. Gurudumu la gari la baba yangu, Unguja. Magari matatu ya ng'ombe, karafuu kutoka Bububu mpaka bandarini Malindi, na ng'ombe wa mbele akiitwa Pasha, akiijua njia mwenyewe, baba amelala juu ya magunia. Maharusi wamekaa chini ya gurudumu lile wakapigwa picha. Mzee mmoja wa Matrah alilibusu akalia, akasema bado ananusa karafuu.

Alichonusa ni chai.

Haya, nimeshasema. Gurudumu lile nimelitengeneza mwenyewe, hapa hapa Ruwi, miaka thelathini na kitu iliyopita. Mbao ni za masanduku ya mashine yaliyoshuka bandarini Matrah, na ndani ya kitovu, pale katikati, bado kuna maandishi ya kizungu, nimeyaziba kwa lami. Pete ya chuma niliivalisha ingali nyekundu, nikaimwagia maji, ikalia, ikabana. Kazi safi, hilo hata mkinichukia halikataliki. Kisha nikalichovya kwenye chai ya rangi wiki nzima. Misumari nikailaza kwenye siki mpaka ikaota kutu kama ndevu. Halafu nikalipeleka Bustan kwa dada yangu Moza, nikalifukia katika zizi la mbuzi wake siku arubaini. Mbuzi wakafanya yaliyobaki.

Mtaniuliza kwa nini. Basi nyie hamkuwepo zile siku tulizorudi Oman kutoka Unguja. Kila sebule unayoingia mtu anakuonyesha kitu alichokuja nacho: huyu sanduku la njumu, yule ufunguo wa nyumba ya Mji Mkongwe, yule mwengine birika la bibi yake. Na ukiwasikiliza wazee wa Maskati, Unguja nzima ilikuwa shamba la karafuu la baba zao. Wote walikuwa wakichumiwa. Mie nikikaa pale na kikombe changu cha kahawa nikijiuliza, jamani, sasa nani alikuwa anabeba?

Nilikuwa namjua aliyekuwa anabeba. Ndo nikenda kutengeneza gurudumu.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na ilikuwa bado ina lami.

Sasa Thuraya. Huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na anaandika kitabu chake cha kumalizia masomo, juu ya vitu walivyokuja navyo watu wa Unguja. Mlango wa kwanza kabisa wa kitabu ni gurudumu la babu yake. Kaandika kila nilichomwambia. Pasha kaandikwa. Na kesho Jumapili mwalimu wake anakuja nyumbani kukata kijibanzi, kidogo kama kijiti cha kibiriti, wakakitie chini ya kioo waseme ni mti gani, wa wapi, wa lini.

Mti utasema ulikotoka. Mti haujui kuona haya.

Mie nikiaibika si kitu, nshaaibika sana katika umri huu na bado nakula vizuri. Lakini mtoto katia jina lake chini ya uongo wangu, na atasimama nao mbele ya watu waliosoma. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si jengine.

Jumatano asubuhi ndiyo ilianza. Simu ikalia, kumbe Thuraya kanitumia picha, na khabari yake kanisomea kwa sauti. Wachimbaji wa mambo ya kale, huko nchi moja ya baridi, wamefukua shimo wakakuta gurudumu la mbao la gari la Warumi. Zima. Miaka karibu elfu mbili.

Kwanza sikushughulika na Warumi. Nilishughulika na yeye. Kwa nini kanitumia mie? Na kwa nini wiki hii, siku nne kabla ya mwalimu? Nikasema huyu mtoto keshajua. Ananizunguka kama paka anavyozunguka kabati la samaki, hagusi, anapita tu na mkia juu.

Kisha nikarudi kwa Warumi.

Nisikilizeni. Mlango wangu wa choo ni wa mbao, haujatimiza miaka kumi, chini umeshakuwa biskuti. Leo mtu aniambie gurudumu limelala topeni miaka elfu mbili na njiti zake zote zimo? Njiti, kwa msiojua, ni vile vijiti vinavyotoka kwenye kitovu kwenda kwenye duara la nje. Nikamrekodia Thuraya sauti, nikamwambia mwanangu umetapeliwa. Akanijibu kwa upole, upole wa kutia shaka, kuwa lile tope limejaa maji na halina hewa, basi wadudu wa kuozesha hawawezi kuishi humo. Nikamwambia wadudu wa kwetu hawaombi ruhusa ya hewa.

Lakini nikachukua miwani ya mke wangu Zuwena, maana yangu nimeikalia, nikaikuza ile picha. Nikaitazama kama afisa wa forodha anavyotazama begi la mtu anayetoka jasho. Mwongo wa magurudumu hapitwi na mwongo mwenzake. Nilitafuta chai. Nilitafuta siki. Nilitafuta mbuzi.

Na nikapata kitu. Lile gurudumu lilikuwa limenyooka, bapa kama sinia.

Hapa lazima nikwambieni siri ya kazi, ambayo ndiyo kosa langu mwenyewe. Gurudumu la gari ambalo mie nimefunzwa kulitengeneza haliwi bapa. Njiti zake zinalala kidogo kwenda nje, ukiliweka chini linakaa kama bakuli pana. Ng'ombe akitembea gari linayumba, kushoto, kulia, mzigo unasukuma kitovu pembeni, na lile bakuli ndilo linalokataa kuvunjika. Sasa bakuli ukilitundika ukutani linakaa vibaya, linatoka tumbo. Kwa hivyo langu nililifanya bapa. Lipendeze. Watu mia wameligusa, hapana hata mmoja aliyeuliza gari gani hilo lenye gurudumu la kutundika. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu mmoja aje aseme, na kila asiyesema nilimdharau kidogo.

Basi nilipoliona la Warumi bapa, nilifurahi mpaka nikamwita Zuwena. Nikamwambia, tazama, wazungu nao wana mtu wa kuchovya chai. Nikamrekodia Thuraya tena. Akajibu hapo hapo kuwa wale watu wa zamani walikuwa wakiyafanya yao yamenyooka, hilo bakuli limekuja karne nyingi baada yao.

Jibu lilikuwa tayari mno. Mtu mwenye jibu tayari mie namshuku zaidi ya anayetafuta.

Nikamgeukia Zuwena, aliyekuwa akichambua mchele. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama amewahi kumwambia mtoto kitu. Hakuinua hata uso. "Mie nimelipangusa vumbi miaka thelathini, njiti kwa njiti," akasema. "Ningekuwa wa kusema ningesema siku ya kwanza, nikapumzika na vumbi."

Sikumwamini. Chai ile alinipikia yeye, ndoo tatu, na hakuuliza nani anakuja. Mwanamke asiyeuliza ana lake.

Alkhamis nilishinda natafuta pa kutokea. Niseme limeibiwa? Mwizi gani anashuka ghorofa tatu na gurudumu la gari akamwacha mlinzi anakunywa chai. Niseme ni amana ya marehemu, halikatwi? Thuraya angeniuliza marehemu alisema lini. Nikafikiria kulitia mchwa. Lakini Ruwi, ghorofa ya tatu, mchwa unaagizwa wapi?

Baada ya adhuhuri nikaifungua tena ile picha. Wallahi nilikuwa natafuta kasoro tu, nimtumie Thuraya, nimwambie kama la Warumi lenyewe ni la uongo basi gurudumu la nani litakuwa la kweli. Nikaanza kuhesabu njiti moja moja, nikiziwekea kidole.

Moja haikuwa ndugu yao.

Zile nyengine zote zimechongwa na mkono mmoja, nyembamba, zina kiuno, utasema zimetoka tumbo moja. Hii moja ilikuwa nene, ina kifundo katikati, imekaa upande, na kwenye tundu lake imegongewa kabari ili isicheze. Mtoto wa kambo. Mtu alivunjikiwa na njiti, akachomeka mti wowote uliokuwa karibu.

Niliishika simu mpaka ikazima taa.

Maana mie nimeghushi, najua. Anayeghushi hutengeneza kitu kizima. Hutia uzee, hutia kutu, hutia na mavi ya mbuzi, lakini haingii akilini mwake kutia kiraka kibaya. Kiraka kinamuaibisha fundi. Kiraka ni cha mtu mwenye mzigo wa kutoka asubuhi na gari limelala. Yule Mrumi, jina lake silijui, alikuwa amechelewa. Nikamwona kabisa, kapiga magoti, jasho linamtoka, anaigongea ile kabari huku mtu anampigia kelele.

Nikaamini. Siku mbili za kushuku nikazimeza pale pale.

Kisha nikainua macho kwenye langu. Njiti kumi na mbili, zote za tumbo moja, nzuri kupita kiasi. Halijawahi kuchelewa popote.

Nilichokuwa nakificha sasa nakisema, kwa sababu nimekwisha anza.

Hapakuwa na magari matatu. Hapakuwa na Pasha. Baba yangu alitolewa Oman akiwa mtoto, kwa ahadi ya ami yake kuwa Unguja kuna neema, na neema aliyoikuta ni rikwama, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kukokotwa na mtu. Alikuwa hamali. Aliyekuwa mbele ya gari, pahala pa Pasha, ni baba.

Siku moja mvua ya masika, magunia juu, njiti ya rikwama ikavunjika njiani. Kesho yake alfajiri kuna meli, na asiyekuwepo nafasi yake inachukuliwa na mwengine. Baba akarudi nyumbani, akatazama huku na huku, hapakuwa na mti. Akaenda chumbani akakipindua kitanda cha mama, kitanda cha kamba chenye miguu ya kukerezwa, cha harusi yake, kitu pekee kizuri tulichokuwa nacho. Akakata mguu mmoja. Akauchonga huku na huku, akauchomeka kwenye gurudumu.

Basi lile rikwama likawa linapita mjini na njiti zake za kawaida, na moja ina vikuku na maua kama mguu wa bibi harusi. Likizunguka, ua linapanda, linashuka. Mahamali wenzake wakalipa jina, wakaliita Kitanda. "Kitanda kinapita, mpisheni." Na mie nikipita wananiita Mwana wa Kitanda. Nilikuwa mdogo, na nilimchukia baba kwa ule mguu kuliko nilivyowachukia waliocheka.

Nilipokua nikaenda kujifunza kwa fundi wa magari ya ng'ombe. Hilo si uongo, mikono yangu ndiyo shahidi. Nilitaka nimtengenezee gurudumu jipya, zima, njiti zote ndugu. Baba akafa mie bado nafundishwa kutoboa kitovu.

Jana Ijumaa, baada ya chakula, Thuraya kakaa chini ya gurudumu, na haluwa mkononi. Nikamwambia. Nilianza na chai, nikaja masanduku, nikaja mbuzi. Aliacha kutafuna. Nikamwambia na la pili, la rikwama na mguu wa kitanda, nikalimaliza lote bila kutia hata tone la chumvi, jambo ambalo mie sijawahi kulifanya tangu kuzaliwa.

Akauliza, taratibu.

"Na hii, Babu, umeitengeneza lini?"

Nyie mnaonijua mtacheka. Mie sikucheka. Gurudumu la uongo lilikuwa pale ukutani, unaligusa. Rikwama la kweli sijui liliozea wapi.

Nikasema tumpigie bibi yako Moza. Ni mkubwa wangu, alikuwepo, alilala kwenye kitanda kile kile. Na ili nisishukiwe nikasema weye mwenyewe uliza, mie sitii neno. Simu ikawekwa katikati, sauti juu. Thuraya kamsalimia vizuri, kamuuliza khabari za goti lake, kisha kamuuliza kama babu mkuu, yaani baba yetu, aliwahi kukata mguu wa kitanda.

Mbuzi kalia huko Bustan.

"Nani anayeuliza?" akasema Dada Moza. "Nani mwengine yupo hapo?"

Thuraya akamwambia ni sisi tu.

"Kitanda gani? Baba yetu alikuwa na magari matatu. Ng'ombe wake wa mbele alikuwa Pasha, ana doa jeupe hapa, kwenye paji la uso." Na akakata simu.

Doa jeupe. Miaka thelathini namhadithia Pasha, mie sijawahi kumpa doa.

Ndo nikajua nilivyofanya. Gurudumu limefukiwa zizini mwake kwa mikono yangu, harufu yake kaisikia siku arubaini, na bado analitetea. Nimedanganya vizuri mpaka nimejinyang'anya shahidi wangu mwenyewe.

Thuraya akafunga daftari. Akasema hana hasira, na aliposema hivyo nikajua anayo. Akasema hajui aandike lipi kati ya mawili, kwa hivyo hataandika hata moja, atautoa mlango wa kwanza wote, na Jumapili mwalimu akija atamwambia asipande juu. Haluwa akaiacha kwenye kisahani, na alama ya jino.

Leo asubuhi, saa tatu, mlango ukagongwa kwa fimbo. Dada Moza. Kaletwa na mwanawe kutoka Bustan, kamwambia angoje garini na mashine ya baridi. Hakunisalimia. Kapita, kakaa chini ya gurudumu, kamwambia Zuwena alete chai na amwite mtoto.

Mie nikaanza kumshuku hapo hapo, nikadhani kaja kumuongezea Pasha pembe.

Kumbe kaja kunigombeza. Akasema aliolewa katika nyumba ya watu wenye mashamba, na wakwe zake walimuuliza baba yake ni nani, na yeye alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na la kujibu. Akasema nilipokuja Bustan na gurudumu langu nikamwambia Magari Matatu, alilala usiku ule vizuri kwa mara ya kwanza. Na sasa nataka kumvua nguo mbele ya wajukuu, katika uzee, bila hata kumuuliza. "Ilikuwa yako peke yako?" akaniambia.

Alikuwa na haki, jambo ambalo silisemi mara nyingi juu ya Dada Moza.

Thuraya alikuwa kasimama mlangoni, kasikia. Mtoto huyu kasomeshwa, na leo nimeona anasomeshwa nini. Hakusema pole wala nini. Kaniomba niende jikoni nifunge mlango. Kama polisi na wezi wawili, kututenganisha tusipeane maneno. Nikaenda. Zuwena alikuwepo, kanipa kitunguu nimenye, ili nisitege sikio.

Baada ya muda Thuraya akaingia jikoni, daftari mkononi. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Babu, kitanda kilipokatwa mguu, kilisimama juu ya nini?"

Jana hilo sikulisema. Silisemi kwa mtu.

"Jiwe," nikamwambia. "Jiwe la tumbawe, jeupe, la tundu tundu. Baba aliliokota pwani."

Akalitazama daftari lake. Akakaa kwenye kiti cha Zuwena, akanisomea alichosema Dada Moza. Kasoma polepole, na mie nakiweka hapa kama alivyosoma.

"Palikuwa na jiwe. Mama alilala upande wa ukutani, jiwe lilikuwa upande wangu. Nikijigeuza lilikuwa linasaga. Baba alikuwa akilala chini sakafuni, na kila jiwe likisaga, alikuwa anakohoa. Anajifanya anakohoa usingizini, ili tusijue kuwa kalisikia."

Hilo la kukohoa mie nilikuwa silijui. Nimeishi miaka yote hii nikidhani baba alikuwa na kifua.

Kitunguu kilinisaidia sana.

Tuliporudi sebuleni Dada Moza alikuwa anafunga ushungi, anataka kuondoka, chai kaimaliza. Thuraya akambusu mkono. Akatuambia mlango wa kwanza utabaki. Ataandika gurudumu ni la Ruwi, la mbao za sanduku, na aliyelitengeneza ni nani na kwa nini. Rikwama nalo ataliandika, kama Bibi ataridhia. Tukamtazama Dada. Akatazama fimbo yake. Akasema andikeni, lakini muandike pia kuwa ule mguu baba aliuchonga usiku mmoja na haukuvunjika tena mpaka kufa kwake. Kama kuandika basi tuandike vyote.

Nimemsindikiza mpaka kwenye lifti. Nikamuuliza, na doa la Pasha? Akasema ng'ombe lazima awe na alama, ndo watu waamini, na akanishangaa mie fundi mzima kwa kulisahau hilo.

Sasa hivi nimekaa peke yangu. Yaani nimekaa na gurudumu. Nalitazama tangu adhuhuri. Uongo wangu niliutundika ukutani, kila mtu akaugusa. Ukweli wangu hauna hata msumari. Na nyie najua mnasema, haya, Mzee Nassor kaanza tena, kesho kitanda kitakuwa cha dhahabu. Semeni. Ningekuwa nyie nami ningeshuku.

Njiti kumi na mbili, zote ndugu. Nimefikiria, moja ikitoka, ikaingia nyengine ya kukerezwa, lingekaa vipi. Kufikiria tu. Nikageuza shingo kidogo kuelekea chumbani.

"Kitanda changu usikiguse," akasema Zuwena kutoka jikoni. Ukuta upo katikati na kaniona.

Basi kesho mwalimu anapanda juu. Mie ntakuwepo, ntavaa kanzu ya Idi, na asije akasema kazi ni mbovu, kwa sababu si mbovu. Ataweka kisu chake kwenye ubao, na mbao kavu ikikatwa hulia, najua mie, nimezikata maisha yangu yote. Thuraya atanitazama ntafanya nini.

Sijui kama ntasema kitu, au ntakohoa.